Herufi kutoka Maegeshoni

Dirisha la wodi lilitazama maegesho ya magari, na hiyo ndiyo raha pekee iliyokuwa imembakia Mama. Wagonjwa wa upande wa pili walitazamana na ukuta uliobabuka rangi. Yeye alipewa magari. Si kwamba aliyaona. Macho yake yalififia tangu zile dawa za mwanzo, na kutoka ghorofa ya tatu gari kwake lilikuwa doa tu, jekundu au jeupe. Mwenye macho alikuwa binti yake.

"Haya Kimya, nisomee," alisema kila alasiri, akijiweka sawa kwenye mto.

Kimya halikuwa jina la kwenye cheti. Mama yake ndiye aliyempa, kwa kuwa utotoni angeweza kushinda siku nzima chini ya meza bila mtu kujua kama yumo nyumbani. Jina likamganda hata alipomaliza chuo na kuajiriwa maktaba, mahali ambapo, kama alivyopenda kusema kaka yake, kuna watu wanaolipwa mshahara kwa kunyamaza. Kaka huyo naye nyumbani aliitwa Spika. Alikuwa muuza vipuri vya pikipiki, na popote alipokwenda sauti yake ilifika kwanza, yeye akafuata.

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi. Kimya alichagua gari moja kule chini, akasoma herufi tatu za kwenye kibao chake cha namba, kisha wakapokezana kutaja maneno ya Kiingereza yenye herufi hizo zote tatu, popote zilipokaa ndani ya neno. Zamu ikikufikia na huna neno, umeshindwa. Mama aliuleta nyumbani kutoka kazini. Alikuwa mpokea simu wa kampuni ya usafirishaji, enzi za mitambo ya simu ya kuchomeka waya kwenye vishimo, na kutwa nzima aliwatajia wateja majina ya watu na miji, herufi moja moja. Simu zilipopungua baada ya chakula cha mchana, yeye na mwenzake wa meza ya pili walirushiana herufi ili usingizi usiwaaibishe. Kiingereza chake hakikutoka darasani, kilipita kwenye waya ule.

Na mchezo ulikuwa na sheria moja isiyovunjwa: hakuna kuoneana huruma. Kimya akiwa mtoto alilia kila Jumapili kwa kushindwa na mama yake mzazi, mpaka majirani wakadhani anachapwa. Mama hakulegeza. "Nikikuachia leo," alimwambia, "siku ukinishinda kweli utajuaje?" Siku hiyo ilipofika, Kimya akiwa sekondari, Mama hakupiga makofi wala hakumpongeza. Alinuna. Alinuna mpaka wakati wa chakula cha usiku, akabamiza na sufuria, na Kimya alilala akiwa na furaha ambayo hajawahi kuipata tena kwa cheti chochote. Spika yeye alijitoa mapema. "Kiingereza changu ni cha kusomea maboksi," alisema. "Kikizidi hapo kinaniumiza kichwa."

Hata wodini sheria ilikuwa ile ile. Wiki ya kwanza Kimya alisoma C, N, R bila kufikiri. Akaanza yeye: "Corner."

"Cancer," Mama akajibu papo hapo.

Kimya akainamisha macho; ndiyo saratani yenyewe iliyomlaza Mama pale.

"Usinitazamie sakafu. Neno halali, au si halali?"

"Halali, Mama."

"Basi taja lako. Hilo nimeshaliteka, nalo angalau linifanyie kazi moja ya maana."

Bibi wa kitanda cha jirani, ambaye hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, alicheka mpaka akakohoa. "Endeleeni, wanangu. Hicho Kizungu chenu kinanilaza vizuri kuliko vidonge vyao."

Kabla hajalazwa, Mama aliwaita wote wawili sebuleni, akazima redio. Aliwaambia kwamba kama ni wa kupona, atavumilia sindano zote na hatalalamika. Kama si wa kupona, anataka kulala kwenye kitanda chake mwenyewe, chumbani kwake. "Daktari akisema, mniambie. Msinizungushe kama mtoto anayepelekwa kunyolewa." Walikubali. Spika alikubali kwa sauti kubwa zaidi.

Sasa daktari alikuwa amesema.

Aliwaita kwenye kijichumba kilichojaa maboksi ya glavu, akawaeleza polepole, akiwa amesimama maana kiti kilikuwa kimoja. Dawa hazishiki tena. Ugonjwa umeshafika kwenye ini. Wanaweza kuendelea kumlaza hapo na kumpunguzia maumivu, au wakamchukua nyumbani sasa, wakati bado anaweza kukaa na kunywa mwenyewe, na muuguzi atawafundisha namna ya kumpa dawa za maumivu. Hakutaja muda, nao hawakuuliza.

Walipotoka, Spika aliegemea ukuta wa korido. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama asiambiwe."

"Kaka, alisema..."

"Alisema akiwa na nguvu! Ukimwambia leo utamuua kabla ya siku zake. Nitampeleka hospitali kubwa. Kule wana mashine hawa hawajaziona hata kwenye picha. Nishaongea na mtu wa gari la wagonjwa."

"Daktari amesema safari itamchosha."

"Daktari ana umri gani? Ndevu zenyewe anazibembeleza ziote." Akamshika bega. "Mdogo wangu, wewe kunyamaza hujafundishwa, umezaliwa nako. Nyamaza basi kwa siku mbili tu. Sawa?"

Kimya alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, aliyaona yamepangana, lakini ulimi ulikuwa umemganda kama siku zote mbele ya sauti za watu. Akatikisa kichwa kukubali. Kaka yake akashuka ngazi kwenda kupiga simu, naye akaenda bombani, akanawa uso, akasubiri mpaka wekundu wa macho ukaisha. Kisha akaingia wodini.

"Umechelewa," Mama alisema. "Nilidhani umepata mchumba huko ngazini."

"Foleni ya dawa."

"Haya nisomee. Leo nina hasira na mtu, nataka kumtoa mtu jasho."

Kimya alikwenda dirishani. Chini kulikuwa na magari mengi, na mengine yalikuwa na herufi ngumu, zile ambazo kwa kawaida Mama angezipenda. Akayapita. Akachagua gari dogo jeupe karibu na geti.

"B, D, R."

"Hizo ni za mtoto wa chekechea," Mama alinung'unika. "Bird."

"Border."

"Burden."

Kimya alimtazama. Mishipa ya shingo ilikuwa imejichora. Mkono uliokuwa na bomba la dripu ulilala juu ya shuka kama kitu kilichosahauliwa na mtu mwingine, ila ule mwingine ulikuwa ukigonga kitanda kwa kidole, tayari, ukisubiri. Uso ulikuwa na uhai. Uhai ule ndio uliomshinda Kimya. Alifikiri: apate hili moja. Ashinde leo, alale vizuri. Kuna ubaya gani?

"Nimekwama," akasema.

"Umefanyaje?"

"Sina neno, Mama. Umeshinda."

Bibi wa jirani alipiga kigelegele kidogo, kile ambacho mapafu yake yaliweza. "Hongera, mwenzangu! Leo msomi kalala chali!"

Mama hakucheka. Kidole kiliacha kugonga. Aligeuza uso upande wa dirisha, mahali alipoweza kuona kivuli cha binti yake dhidi ya mwanga, akakitazama kwa muda.

"B, D, R," alisema taratibu. "Wewe. Umekwama."

"Nimechoka tu. Sikulala vizuri."

"Bread ulilisema ukiwa huna meno ya mbele. Mate yalinirukia usoni. Na umekaa miaka yote hiyo katikati ya vitabu, board hujaliona? Birthday hujaliona?"

Kimya akageukia tena magari.

"Njoo hapa."

Akaenda, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Sijawahi kukuachia, na wewe hujawahi kuniachia. Hata siku ile nina homa ya kutetemeka ulinishinda, ukaniletea na maji ya kumezea." Mama alivuta pumzi. "Mtu anayeachiwa ni nani, Kimya? Ni nani? Daktari kasema nini?"

Kimya alitazama bomba la dripu. Tone likashuka, likafuatwa na jingine.

"Ugonjwa umefika wapi? Kwenye ini?"

Akaitikia kwa kichwa. Hakutaka kuitikia, kichwa kilikwenda chenyewe.

"Na dawa?"

"Hazishiki tena."

Basi. Alikuwa amewahi kuwaza kwamba siku hiyo ikifika Mama atasema jambo la busara, jambo la kubaki nalo. Mama hakusema. Alimsukuma mkono. Hakuwa na nguvu ya kusukuma, lakini alisukuma.

"Ondoka hapa kitandani."

"Mama..."

"Ondoka! Nyote wawili mmeniona mjinga. Mngeniachia nishinde kila siku, eh? Mngenipigia makofi mpaka lini?" Akageukia ukutani, shuka likamfika shingoni. Alikataa maji. Alikataa supu. Alilia kwa namna ambayo Kimya hakuwahi kuisikia, sauti nyembamba kama ya mtu anayeimba na kusahau maneno, na bibi wa jirani akavuta shuka lake mpaka juu ya kichwa ili kuwapa faragha, maana hapakuwa na faragha nyingine.

Kimya hakuondoka. Alisimama kati ya kitanda na dirisha, mikono imekosa pa kukaa. Alijutia ule ushindi wa bure, akajutia ukimya uliotangulia, na hakujua kipi kilikuwa kibaya zaidi.

Baada ya muda mrefu Mama alisema, bila kugeuka, "Nataka kwenda nyumbani."

"Kaka anapanga hospitali nyingine. Ile kubwa."

"Mwambie."

"Mimi?"

"Mimi sina sauti ya kushindana na yule. Ndani ya hii nyumba yetu anayeweza kumshinda ni anayezungumza mara moja kwa mwaka. Nimekubebea ulimi tangu umezaliwa, Kimya. Nimechoka kuubeba."

Sauti ya Spika ilisikika ngazini. Aliwasalimia mlinzi, mfagiaji na mgonjwa wa kwenye kiti cha magurudumu, wote kwa pumzi moja, kisha akaingia na mfuko wa machungwa.

"Mama yangu mpenzi! Kesho kutwa tunasafiri. Gari lina kitanda, lina feni, utalala kama malkia. Mwezi ujao unanipikia mwenyewe jikoni kwako."

Mama hakumtazama mwanawe. Alikuwa amegeuzia uso upande wa Kimya, na hakumsaidia kwa chochote, hata kwa kukohoa.

Kimya akasogea mbele ya kitanda.

"Anajua," akasema.

Spika alibaki na chungwa mkononi. "Anajua nini?"

"Kila kitu. Na haendi huko. Anakwenda nyumbani."

"Nani kamwambia?"

Angeweza kusema Mama amegundua mwenyewe, na isingekuwa uongo. "Mimi."

"Wewe!" Sauti ikajaa wodi nzima; muuguzi akachungulia mlangoni. "Wewe, uliyekubali pale nje mbele yangu! Siku zote huna neno, leo ndiyo umelipata? Unataka mama yako afe?"

"Sitaki," Kimya alisema. Machozi yalikuwa yakishuka, lakini hakukaa chini. "Sitaki, Kaka. Ila sitamdanganya tena. Leo hii angeweza kuanza safari ya nyumbani. Ukimpeleka huko atafia njiani, akitazama dari ya gari la watu. Alituomba jambo moja tu. Moja."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa mbele yake. Spika aliweka chungwa juu ya kabati, taratibu, kana kwamba ni yai, akatoka.

Kimya alimkuta koridoni, amechuchumaa karibu na bomba, amefunika uso kwa mikono yake yenye mafuta ya grisi yasiyotoka kwenye kucha.

"Mama alilia?" aliuliza.

"Alikasirika kwanza. Kisha akalia."

"Na wewe ukamfanyia nini?"

"Nilisimama tu."

Spika aliondoa mikono usoni. "Chumba chake nimekipaka rangi," alisema. "Nilitaka akirudi akute kipya. Kitanda nimekifungua, mbao ziko kwenye kibaraza. Rangi bado inanuka, atawezaje kulala mle?"

"Tufungue madirisha."

"Rangi ya bluu. Ile aliyokuwa akiitaka." Akapangusa pua kwa mkono wa shati, akainuka kwa kushika bomba. "Nenda kamwambie daktari aandike karatasi za kutoka. Mimi siwezi kumwona sasa hivi. Natangulia nyumbani kukifunga kitanda."

Aliondoka, na kwa mara ya kwanza alishuka ngazi zile bila kumsalimia mtu.

Kimya alipomaliza kwa daktari alirudi wodini. Mwanga wa alasiri ulikuwa umeanza kwisha, na chini magari yalitoka getini moja moja. Mama alikuwa amefumba macho, lakini hakuwa amelala.

"Amekwenda wapi?"

"Nyumbani, kufunga kitanda chako. Alikuwa amekifungua apake chumba rangi."

Mama alifumbua macho. "Mpigie simu," alisema. "Mwambie asikaze sana zile skrubu. Mbao zimezeeka, zitapasuka."