Mikono ya Ukutani

Kila Jumanne ya kuwinda bweha, Apools Windvogel alijaza kahawa kwenye chupa ya chai, akatia mfukoni biskuti ngumu mbili: moja yake, moja ya Barend, mwenye shamba. Jumanne hiyo alikuta barua chini ya chupa. Nyumba iwe tupu ifikapo Ijumaa. Familia ya Windvogel haina kumbukumbu yoyote ya maandishi katika shamba hili. Aliikunja, akaiweka pamoja na biskuti.

"Barua umeiona?" Barend aliuliza garini.

"Ndiyo, bosi."

"Si mimi, Apools. Mnunuzi wa shamba anataka nyumba tupu."

"Ndiyo, bosi."

Walijibanza mbele ya zizi la mawe. Barend alifunga kwenye bunduki darubini mpya ya usiku, ile inayoonyesha kila chenye joto kwa weupe. Apools alibana jani la nyasi midomoni, akalia kama sungura aliyejeruhiwa. Kwa kilio hicho bweha walizoea kumjia mpaka hatua kumi.

"Sungura mwenyewe angekuja kukupa pole," Barend alinong'ona.

Bweha alikuja. Barend alitazama, akaifuta darubini kwa shati, akatazama tena.

"Ukuta umejaa mikono."

Apools aliinama akachungulia. Kila jiwe lilikuwa na kiganja cheupe, kama limeachiliwa sasa hivi. Hori nalo, nguzo, waya zote hadi kilimani. Viganja maelfu, vinawaka kimya mpaka nyota zikaonekana chache.

"Huyu ni baba," alisema. "Kidole alikatwa na mashine ya kisima. Hivi vidogo vyangu. Nilikuwa na miaka sita, nampa mawe."

"Bado vya moto."

"Havijawahi kupoa, bosi."

Barend alitafuta kiganja cha babu yake. Alikipata kimoja, kwenye komeo la lango.

Kwa mwanga ule hakuweza kulenga. Bweha aliruka ukuta taratibu, akikanyaga pale tu pasipo na mkono, akaenda zake.

"Kesho nairudisha darubini hii dukani," Barend alisema.

Lori la kuwahamisha akina Windvogel lilikuwa limeshaagizwa, na Ijumaa lilifika saa moja kamili asubuhi. Lakini usiku ule walikaa kwanza wakanywa kahawa, na Apools akampa mwenzake biskuti yake kama kawaida.

"Utapata mahali pengine pazuri tu," Barend alisema.

Ile "ndiyo, bosi" ilimfika Apools mdomoni. Aliimeza na kahawa.

"Hapana, Barend," alisema. "Hapa ni kwetu."