Kiti cha Shoga Yake

Tangu asubuhi programu ya bohari ilikataa katakata kutoa mzigo: "Jina la mwidhinishaji halipo." Fundi wa kompyuta alihangaika wee, kumbe kisanduku cha jina kilikuwa kitupu.

"Nani kalifuta?"

"Mimi," karani wa bohari alisema, bado amesimama kando ya kiti kitupu cha mwidhinishaji. "Bosi kaniambia nifute la shoga yangu niweke langu. Kufuta nimefuta, kuandika mkono ukagoma. Kalazwa tu, hajafa."

Fundi alikuwa na maneno makali mdomoni, akayameza. Akarudisha jina la mgonjwa, kisha chini yake, kwenye kisanduku cha kaimu ambacho hakuna aliyewahi kukigusa, akaandika la karani.

"Hujamrithi, dada. Unamshikia tu."

Programu ikakubali. Karani akakivuta kiti cha shoga yake, akakaa.