Ndege Imerukwa

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 24 Juni 2025. Asubuhi hiyo Recho, binti wa ofisi ya wakala pale Musoma, alinipigia kuhusu jeneza la mke wangu, Ghati, aliyefia Uarabuni alikokuwa anafanya kazi za ndani. Mtandao ulikuwa unakatika. Nikasikia ndege imeruka. Nikawaambia vijana wachimbe.

Jioni kaburi likawa tayari, hapa nyumbani Butiama. Chacha, kaka yake Ghati, alikuwa ametoka kwake Kabasa, kule Bunda, na pikapu kwenda kulipokea jeneza uwanja wa Mwanza. Akapiga.

"Shemeji, hapa nimemkuta mlinzi na kunguru tu. Nani kakwambia inakuja?"

Kesho yake tukaenda wote kwa Recho.

"Baba, mimi nilisema imerukwa. Imerukwa! Yaani safari yake wameiruka."

"Hiyo ndiyo lugha ya kumwambia mfiwa?" nikamuuliza. "Si ungesema haiji!"

"Anga limefungwa, baba. Kuna vita."

"Vita huko aliko Ghati?"

"Hapana. Kwa majirani zao. Makombora yanapita juu."

Chacha akacheka kwa hasira. "Kwa hiyo watu wakipigana Murangi, mimi wa Bunda nisiende sokoni?"

"Kaka, makombora hayafuati barabara."

Recho akaipigia kampuni ya ndege, akaweka sauti ya nje. Mwanamume akasema anga limeshafunguliwa, ila wao wanawasubiri wakubwa wa mambo ya anga. Recho akawapigia hao wakubwa. Mama mmoja akasema wao hawajazuia ndege yoyote, wametoa tahadhari tu, kampuni ndiyo inaamua.

Nikadakia, "Kwa hiyo ni salama?"

"Inaruhusiwa, mzee, ila hatushauri."

Mimi niliishia darasa la nne. Ghati alikuwaga akisema ugali umeiva, basi umeiva. Hawa wenye viyoyozi kila mmoja anaonyesha kidole kwa mwenzake, na wote wanalipwa. Nani alifunga, nani alifungua, sikuelewa, na sielewi.

Nyumbani nikamkuta baba mdogo Keraryo amekaa kando ya shimo, nikamsimulia zile simu.

"Magesa, kaburi halilali wazi. Jana limelala, likilala na leo litaita mwingine. Tuzike mgomba."

Hapa kwetu maiti isipopatikana, mgomba unazikwa badala yake, na msiba unakwisha.

"Lakini baba, Ghati hajapotea. Yupo, amekwama kwenye friji za watu."

"Basi mwambie huyo mama wa tahadhari aje alilinde shimo."

Watu wakacheka kidogo. Wanangu walikuwa wamesimama karibu na lile shimo. Ningefanyaje? Nikakubali. Tukazika mgomba, wanawake wakaulilia kwa jina la mama wa wanangu.

Udongo haujakauka, Chacha akapiga. Ndege ya kampuni nyingine imetua Dar ikitokea mji uleule aliko Ghati, abiria wameshuka na mabegi yao. Na ile yetu nayo imesema itakuja wiki hii, labda.

"Itaruka, shemeji, siyo kurukwa. Nimemtamkisha Recho mara mbili."

Nimemuuliza Keraryo, nimemuuliza katekista, nimemuuliza hata Recho: Ghati akifika, tuufukue mgomba uliokwisha kuliliwa kwa jina lake, au tumchimbie pembeni, awe mgeni kwenye mji wake mwenyewe?