Nyongo Kupitia Vitundu Vinne

Mimi ni muuza nyama, na asikudanganye mtu, kutoa nyongo si mchezo. Mbuzi yuko mbele yako, tumbo wazi, mwanga wa kutosha, kisu kikali, na bado mkono ukiteleza kidogo tu inapasuka, ini lote linakuwa chungu.

Sasa huyo daktari wa upasuaji, binti wa rika la mwanangu, ananiambia mke wangu ana mawe kwenye mfuko wa nyongo na watautoa kupitia vitundu vinne. Tumbo watalijaza hewa lipande, waingize kamera, kazi waifanye wakitazama skrini. Nikamuuliza, je, ikipasuka humo ndani? Hakunificha. Inaweza kutokea, akasema, na wakikwama watafungua tumbo kama zamani. Nikanywea. Bila mwanamke yule mimi si kitu.

Mke wangu alikatazwa kula tangu usiku. Na mimi sikula. Chakula kingepitia wapi? Asubuhi, akisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, akanitania nisiende kuwafundisha watu kazi. Mlango ukafungwa. Nikabaki kwenye benchi, mikono haijui pa kukaa.

Walipomrudisha wodini nikafunua shuka. Plasta nne tu, kama za mtoto aliyekwaruza goti! Halafu analalamika bega. Bega! Damu ikanichemka, nikamvaa muuguzi: mbona hamkumpasua, mnatuona wajinga? Muuguzi, mtu wa subira kweli, akanieleza kwamba kazi imekwisha, bega linasumbuliwa na mabaki ya ile hewa, na akitembea litapoa.

Jioni hiyohiyo mke wangu akashuka kitandani. Akaniegemea, tukajikongoja hadi dirishani. Mtu katolewa kitu tumboni mchana, jioni anatembea na kunisema nina harufu ya bucha. Mwili ukanisisimka.

Daktari akapita. Nikamzuia.

"Ilipasuka?"

"Hapana, mzee. Imetoka nzima."

Nikamwomba anionyeshe mikono yake. Akacheka, akainyoosha. Mikono ya kawaida tu, midogo, kucha fupi. Nikaishika yote miwili. Mimi, mbishi wa soko zima! Machozi yakanitoka mbele za watu.

"Mwachie mwenzio," mke wangu akasema. "Ana wagonjwa wengine."

Nilisikia. Ila kumwachia ndiko kulikonishinda.