Mshika Choki wa Radi Bendi

Mahona alivuta kamba tena, jenereta ikakohoa, ikatema moshi, ikashika. Akawahi kubana choki, kile kidude cha kuzuia hewa, kwa kidole gumba. Springi yake ilikatika walipokuwa Bariadi, na ukiondoa mkono mashine ilizima kabla hujamaliza kupiga chafya. Akachuchumaa hivyo, mkono mmoja kwenye choki, mwingine ukitafuta mfukoni pamba ya kuziba masikio. Hapo ndipo kazi yake ilipoanzia na hapo ndipo ilipoishia.

Waya mweusi ulitoka kwenye jenereta, ukapita chini ya ua wa minyaa, ukavuka uwanja wa mnada wa Zagayu hadi kwenye spika za Radi Bendi. Ulikuwa mrefu kwa makusudi. Constantine, mwenye bendi, hakutaka mngurumo uingie kwenye muziki wake, kwa hiyo kila walikokwenda jenereta iliwekwa mbali kabisa, kadiri waya ulivyofika, ikazungushiwa kamba ya katani ili ng'ombe wasiikanyage. Mahona alikaa ndani ya kamba hiyo.

Muziki wenyewe hakuusikia. Aliujua kupitia mashine. Besi ikipiga, jenereta ililemewa ikaguna, naye akalegeza choki kidogo ili ipate pumzi. Felisita, mwimbaji wao, akiimba peke yake, mashine ilitulia. Hivyo ndivyo alivyojua wamefika wimbo gani na watu wameanza kurukaruka wapi. Ni njia ya ajabu ya kuhudhuria ngoma, hasa kwa mtu ambaye ngoma hiyo ni yake.

Maana ilikuwa yake kweli. Wanunuzi binafsi wa pamba waliporuhusiwa kuja na mizani zao na kugombea wakulima na chama cha msingi, Constantine alikuwa mpiga kinanda wa kwaya pale Bariadi, kijana mwenye mipango mingi kuliko suruali. Akapata kinanda cha mtumba kilichoweza kunasa sauti. Alikuja nacho Zagayu kwa Mahona, mpiga ngoma aliyejulikana mpaka Meatu, akamwomba apige pigo mojamoja karibu na kimaiki: la katikati, la ukingoni, la kiganja kitupu. Mahona akapiga. Constantine akabonyeza vitufe, na ngoma ikatoka ndani ya kisanduku kile, ngoma ya Mahona bila Mahona. Mzee alicheka mpaka akajifuta machozi. Hakujua kwamba siku hiyo ndiyo aliyoacha kuhitajika.

Bendi ikapaa. Mnunuzi aliyetaka wakulima waje kwenye mizani yake aliwaita Radi Bendi, wakafunga spika juu ya lori, na kuanzia Lamadi mpaka Lingeka vijana walicheza hadi vumbi likawafanya wafanane. Constantine hakuwa na roho mbaya. Alimpa Mahona kazi ya jenereta, naye Mahona, mgane anayeishi katika nyumba iliyonyamaza, akaipokea haraka kuliko alivyotaka kuonekana.

Kilichomponza ni ile kamba ya katani.

Huku kwetu ngoma hushindana. Makundi mawili hucheza wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na watazamaji huamua kwa miguu yao. Upande unaobaki bila watu ndio umeshindwa. Na kila mtu anajua kwamba kundi halivuti watu hivihivi tu. Lazima liwe na samba, dawa ya ngoma, iliyofichwa mahali, na mtu wa kuilinda. Sasa watu waliona vijana wasio na hirizi hata moja wakizoa watu kila uwanja, wakajiuliza samba yao iko wapi. Walipochungulia nyuma ya ua wakamkuta mzee kimya ndani ya duara la kamba, kaziba masikio, haondoi mkono kwenye kitu kinachonguruma. Hawakuhitaji kuelezwa zaidi.

Basi kina mama wakawa wanawavuta watoto wao walipopita karibu naye. Mama lishe walimwekea sahani chini, nje ya kamba, wakarudi kinyumenyume. Constantine aliposikia alicheka. "Waache tu, mzee. Hofu yao ni tangazo la bure." Ilikuwa rahisi kwake kucheka, hakuwa yeye aliyekula peke yake.

Mahona angevumilia hayo. Lakini uvumi ulifika Lingeka, kwa wakwe wa Milembe, bintiye wa pekee, nao wakamkataza kukanyaga kwa baba yake. Milembe alipofiwa na shangazi yake alikuja msibani, akasimama na wanawake wa mbali, akaondoka bila kumpa baba mkono. Mahona alirudi nyumbani siku ile akakaa kwenye kigoda hadi moto ukazimika. Alimkumbuka mtoto yule kwa namna iliyomuuma.

Ndipo alipomwomba Constantine jambo moja. Siku watakayopiga Zagayu, kwao, amtoe nyuma ya ua, ampe ngoma ya kweli, apige mbele za watu. Wakiona ni ngozi, fimbo na mikono, maneno yatakwisha. Constantine alikubali. Dereva wa lori angeshika choki. Mahona akamtuma mfanyabiashara wa ng'ombe apeleke ujumbe Lingeka: Milembe aje, amwone baba yake akipiga. Akanunua na shati jipya la bluu, ambalo sasa, kwenye moshi wa jenereta, lilikuwa limeshaanza kupata rangi nyingine.

Dereva hakuja. Constantine ndiye aliyekuja, akikimbia, jasho likimtiririka.

"Mzee, leo haiwezekani," alisema, akiinama ili asikike. "Dereva kalewa, yuko chini ya lori. Na upande wa pili ni kundi la manju Bujiku. Tukizima hata kidogo wanatula."

"Uliniahidi."

"Nilikuahidi, ndiyo. Nitakutoa mnada ujao."

"Mnada ujao si Zagayu," Mahona alisema.

Constantine alimtazama kidogo, akamgusa bega, akakimbia kurudi kwenye kinanda. Mahona alibaki ameshika choki.

Kutoka pale aliona upande wa pili vizuri kuliko upande wake. Bujiku, kiongozi wa ngoma ambaye Mahona alimpigia tangu wote wawili wakiwa vijana, alikuwa amevaa manyoya na njuga, anacheza na majembe pamoja na wenzake, wanayarusha juu na kuyadaka kama zamani. Mpiga ngoma wao wa sasa alikuwa na nguvu lakini aliharakisha. Watu walikuwa wengi kwa Bujiku. Na katikati yao, amejitanda kitenge cha njano, alisimama Milembe.

Amekuja. Mahona alibana choki kwa nguvu zaidi, akiogopa kidole kitateleza.

Kisha jenereta ikaguna. Ilikuwa besi ile, ngoma yake ya ndani ya kisanduku, na watu wakaanza kutoka kwa Bujiku. Kwanza vijana, halafu wanawake wenye mabeseni, halafu hata wazee waliojifanya wanatafuta kivuli. Njia ya kuvuka ilipita karibu na ua. Waliikaribia kamba ya katani, kisha kila mmoja akakata kona, akazunguka mbali. Milembe alikuwa nao. Alipofika usawa wa baba yake alishusha kitenge usoni, akazunguka mbali kuliko wote.

Mahona akaondoa kidole kwenye choki.

Mashine ilikohoa, ikafa. Alitoa pamba masikioni, na kimya cha upande wa Radi Bendi kilimshtua hata yeye. Alivuka kamba, akatembea moja kwa moja kati ya watu, nao wakampisha. Bujiku alimwona akija na akasimamisha majembe.

"Mwadila, Bujiku."

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu," Mahona aliitikia salamu. "Nipe ngoma."

Bujiku alimpokonya mpiga ngoma fimbo, akampa Mahona.

Ngozi ilikuwa imelegea kidogo, ingehitaji moto, lakini hapakuwa na muda. Akaanza polepole, pigo la ukingoni, la ukingoni, kisha la katikati. Mikono ilikuwa mizito, ikawa nyepesi, ikawa haiko tena chini yake. Wachezaji wa Bujiku wakaruka na majembe. Hapakuwa na waya, hapakuwa na moshi, na kwa mara ya kwanza baada ya misimu kadhaa Mahona aliisikia ngoma yake akiwa karibu nayo. Alifurahi mpaka akasahau alichokuja kukifanya. Alipoinua macho, uwanja mzima ulikuwa umerudi. Upande wa Radi Bendi alibaki Constantine, na Felisita aliyekuwa amekaa kwenye spika anafunga viatu.

Wimbo ukaisha. Watu wakapiga vigelegele, wanawake kwa wanaume, na Mahona akashusha fimbo akitabasamu, akangoja waje. Mshindi hubebwa. Kila mara alipokuwa kijana walimbeba.

Hawakuja. Kati yake na watu palikuwa na nafasi tupu ya kulaza zizi zima la ng'ombe, na hakuna aliyeikanyaga. Hata mpiga ngoma aliyepokonywa fimbo alikuwa amerudi nyuma.

Bujiku alimsogelea kwa heshima ambayo hawakuwahi kuonyeshana. "Hukutuambia," alisema kwa sauti ya chini. "Sisi tulidhani samba iko kwenye ile mashine. Kumbe unatembea nayo. Umetoka kule, nao wote wametoka kule."

"Bujiku, hii ni mikono. Umeiona mikono yangu tangu tukichunga."

Bujiku aliitazama. "Ndiyo," akasema, "hiyo mikono ndiyo tunayoisema."

Mahona alitaka kukasirika akakosa pa kuanzia. Angebaki kule nyuma ya ua, dawa. Ametoka, dawa. Akicheka naye watasema ndiyo dawa yenyewe inacheka. Alirudisha fimbo, akaenda kukaa kwenye gogo pembeni mwa uwanja, na umati ukajifungua kumpisha, ukajifunga nyuma yake.

Constantine alimfuata akiwa amekumbatia kinanda kwenye blanketi. Naye alisimama hatua chache mbali, ingawa yeye ilikuwa kwa hasira.

"Umenimaliza, mzee. Mnunuzi anasema hana haja nasi tena."

"Nisamehe."

"Nitapata mtu mwingine wa kushika choki." Alilipigapiga blanketi taratibu, mtu angedhani ana mtoto mle ndani. "Ngoma yako ninayo humu."

Lori liliondoka na dereva wake akipikicha macho kwa usingizi. Watu wakaanza kutawanyika kwenye mizani na kwenye pombe. Jua lilikuwa bado juu ya mashamba ya pamba, na Mahona hakuwa na sababu ya kukaa pale wala sababu ya kwenda nyumbani.

Kitenge cha njano kikaja.

Milembe alikuja peke yake, akitazama nyuma kama kuna mtu wa Lingeka anayemwona. Alipiga magoti mbali kidogo, akapiga makofi mawili madogo kwa viganja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Mahona alisimama, akakaa, akasimama tena. "Umekuja. Umeniona nikipiga?"

"Nimekuona."

"Umeona ni mikono tu. Hakuna kitu pale nyuma. Ni mashine ya petroli, Milembe, ninaibana tu isizime."

Milembe alikuwa amekonda. Alichora chini kwa kidole, akafuta alichochora.

"Masalu alikwenda Lamadi kununua samaki," alisema. Masalu ni mume wake. "Alikwenda kabla ya mvua. Wanasema ana mwanamke kule. Wakwe wananiambia ningoje. Ninangoja, baba, mpaka nimechoka." Akainua macho. "Leo umewavuta watu wote hawa. Nimeona kwa macho yangu. Mimi nataka mmoja tu."

Mahona alifungua mdomo amwambie ukweli. Ulikuwa mfupi: hakuna dawa, hajawahi kuwa na dawa, baba yako ni mpiga ngoma. Lakini alimwona Milembe ameshaweka kiganja chini, tayari kujiinua, macho yake yakipima njia ya Lingeka. Akimwambia hivyo, atasema asante baba, atapangusa magoti, ataondoka; na ni nini kingine duniani kitakachomrudisha?

Alisogea kwenye gogo, akaacha nafasi.

"Kaa kwanza," alisema.

Milembe akaja, akakaa. Alinukia moshi wa kuni na mafuta ya nazi, harufu ileile ya mama yake, na bega lake lilikuwa karibu kiasi kwamba Mahona hakuthubutu kujitikisa.

"Ni mizizi," alianza, polepole, akitafuta neno baada ya neno. "Ni ya aina nyingi. Wa kwanza unachimbwa upande wa mawio, na anayechimba hasemi na mtu."

"Na wa pili?"

Mahona aliutazama uwanja ulivyobaki mtupu. Hakujua mzizi wowote.

"Wa pili una maelezo marefu," alisema.

Milembe akasogea karibu zaidi ili asikie vizuri.