Mwisho wa Kitabu cha Kanyamibwa

Kila Jumapili baada ya misa, mwalimu Benoît alifungua sanduku la vitabu kwenye baraza ya shule ya Burungu, hapa Masisi, na wazazi wakapanga mstari. Kitabu kimoja kwa nyumba moja, kwa wiki moja, na ole wake atakayekirudisha na mafuta ya kula. Mukamurenzi hakujua kusoma, lakini usimdharau. Kwa kuchagua kitabu cha kuwalaza watoto, mlima mzima haukuwa na wa kumshinda. Chenye nyoka, hapana, Séraphin angekojoa kitandani. Chenye askari, hapana. Kile cha mashetani wenye mikuki, hapana kabisa, hicho mwalimu awasomee wanawe mwenyewe. Chenye ng'ombe, ndiyo. Chenye watu wanaokula, ndiyo, ila siku ambayo watoto wameshiba.

Kulikuwa na kimoja tu ambacho mkono wake ulikiruka kila mara. Kilikuwa chini kabisa, jalada lake la kijani, na katikati ya kurasa zake kilichungulia kipande cha kamba ya mgomba. Kamba hiyo ilitiwa na Viateur, mume wake.

Miaka minne nyuma, mwezi wa mwisho kabla ya kwenda kuchimba bati huko Walikale, ng'ambo ya Buleusa, Viateur aliazima kitabu kile wiki baada ya wiki na kuwasomea kila jioni karibu na moto. Sidonie alikuwa na miaka minne. Séraphin alikuwa bado ananyonya, akalala juu ya kifua cha baba yake. Kitabu kilikuwa cha Mzungu mmoja mwenye viatu vya mti, aliyemtafuta ng'ombe wake aliyepotea. Mzungu huyo aliitwa Kanyamibwa. Ndiyo, Kanyamibwa, kama mtu wa hapa kwetu. Viatu vya mti alivivaa kwa sababu ya matope ya Masisi, na alipochoka alikaa chini akala maharagwe na mihogo. Wewe unacheka. Mukamurenzi hakucheka. Alikuwa anamtazama mume wake midomo, moyo umemjaa, na mwanamke wa namna hiyo haulizi ni Mzungu gani anaitwa Kanyamibwa.

Jioni ya mwisho Viateur alifika pale ambapo Kanyamibwa amesimama kando ya mto, anasikia kengele ya ng'ombe wake upande wa pili. Hapo akatia kamba ya mgomba, akafunga kitabu.

“Mwisho nitawasomea siku nitarudi,” akasema.

Kontra ilikuwa ya miaka miwili. Ilipokwisha, akatia nyingine. Sasa na hiyo ya pili ilikuwa inakaribia mwisho, na Viateur hakuwa ameandika hata mstari mmoja. Alituma chumvi, alituma kitambaa, alituma salamu za mdomo kwa wapita njia. Barua, hakuna. Na wewe fikiria: kila mwisho wa mwezi Benoît alisoma barua za mgodini palepale barazani, mbele ya watu wote. Wake wa wachimbaji waliitwa mmoja mmoja, wakasogea na aibu zao na furaha zao. Wake za watu wasiojua hata herufi moja walipata barua zilizoandikwa na makarani. Yeye, mke wa msomaji, alisimama nyuma na kitambaa chake kipya akisikiliza mapenzi ya wengine.

“Mwanaume anayejua kalamu na haandike,” Libérata jirani yake akamwambia siku moja, “ujue kalamu yake iko na kazi nyumba ingine.”

Lisemwalo lipo, watu husema. Mukamurenzi alimeza neno lile, likamkaa tumboni kama mhogo mbichi. Alitaka kujua jambo moja tu chini ya jua: je, Viateur alikuwa amewasahau?

Ndiyo maana hakukichagua kitabu kile. Kukimalizia bila yeye kungekuwa kama kumfanyia matanga.

Lakini watoto hukua. Sidonie aliingia shule, akawa anasoma silabi kwa silabi, kidole juu ya karatasi. “Mama, sasa mimi najua kusoma,” akasema. “Leta kitabu ya Kanyamibwa, niimalize.” Mukamurenzi akasingizia kwamba kimeazimwa. Kisha jioni moja, akiwa amekwisha kujifunika, Séraphin akauliza, “Papa iko na sauti ya namna gani?” Mukamurenzi akafungua mdomo amjibu, akakuta na yeye anaitafuta sauti ile na haipati. Jumapili iliyofuata akapiga moyo konde, akakichukua kitabu cha kijani.

Jioni walikaa watatu karibu na moto. Sidonie akaweka kidole. Akajaribu, akarudia, akahamia ukurasa mwingine, jasho likamtoka puani.

“Mama, humu hamuna Kanyamibwa.”

“Soma vizuri.”

“Nasoma. Hamuna. Hamuna hata maharagwe.”

Asubuhi Mukamurenzi alimfuata Benoît na hasira zake: miaka miwili unamfundisha mtoto, na kitabu kimoja kinamshinda? Benoît akakipokea, akakifungua, akacheka mpaka akashika mlango.

“Hii iko Kiflama, luga ya Bazungu, Mama Sidonie. Mupe wa zamani, padri Muzungu, njo aliiacha. Hata mimi mwenyewe sijue hata neno moja, naangaliaka picha tu.”

“Lakini Viateur aliisoma. Mwezi muzima.”

Benoît akaacha kucheka. Akafunga kitabu polepole, akatazama shamba la mihogo lililo nyuma ya shule.

“Alinikataza kukuambia,” akasema. “Viateur alikaa mu masomo yangu wiki mbili, kisha baba yake akamurudisha ku ng'ombe. Siku ya kontra nilikuwa pale. Alitia kidole mu wino, hakuandika jina.”

Mukamurenzi alirudi nyumbani kwa njia ya mashamba, ili asionane na mtu. Kwanza alikasirika. Alidanganywa mwezi mzima na mtu mwenye uso mkavu, yeye na watoto wake. Alipofika katikati ya maharagwe, hasira ikamgeukia yeye mwenyewe. Hakuandika kwa sababu hajui kuandika! Na kwa karani hakwenda, kwa sababu barua husomwa barazani, na mwandiko wa mtu mwingine ungemvua nguo mbele ya mke wake. Mficha uchi hazai, lakini huyu alificha na bado akawazalia watoto Kanyamibwa mzima, na viatu vyake na maharagwe yake, kwa kutazama picha tu. Miaka minne alikuwa amemkasirikia msomaji ambaye hakuwepo kamwe. Akakaa chini kati ya mistari ya maharagwe, akalia kwa kumtamani mume wake.

Wiki ile Sebarenzi, mtoto wa jirani wa chini, alikuwa anapeleka maharagwe mgodini kwa gari. Mukamurenzi akaenda kwa Benoît kuomba kile kitabu.

“Chukua kabisa,” Benoît akasema. “Hakuna muntu ataiuliza. Nikuandikie na barua?”

“Hapana, Mwalimu. Atalazimika kutafuta wa kumusomea.”

Akamkabidhi Sebarenzi kitabu kimefungwa kwenye jani la mgomba, kamba imo palepale ilipowekwa. Neno halikuwamo hata moja.

Zikapita wiki tano. Alikuwa hasikii gari bila kuacha jembe. Sebarenzi aliporudi, alikuja moja kwa moja mpaka mlangoni, mikono mitupu.

“Alifungua pale penye kamba,” akasema, “akakaa chini mu matope na nguo za kazi. Akauliza nani alinituma. Nikamuambia. Magaribi akawasomea watu wote wa kambi, Mama Sidonie, tangu mwanzo. Walicheka mpaka kapita, musimamizi wa kazi, akakuja kuangalia. Alipofika ku mto, akafunga. Walimulilia, akakatalia. Akasema mwisho iko ya watoto yake.”

“Na kitabu iko wapi?”

“Alikatalia kunirudishia. Na kesho yake karani aliwaita kutia kidole ku kontra mupya. Viateur akatia mikono mu mifuko.”

Mukamurenzi akampa Sebarenzi kiti, akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko muda mrefu.

Jumapili iliyofuata alipanga mstari kama kawaida, Sidonie upande mmoja, Séraphin upande mwingine. Benoît akainamisha sanduku ili aone vizuri.

“Leo unachagua gani, Mama Sidonie?”

“Leo sichagui kitu, Mwalimu,” akasema. “Kitabu yetu iko mu njia.”