Hapana Zetu Mbili

Mume wangu Gancho ana ugonjwa mmoja tu, nao ni kujiandaa. Wenzake wakisafiri hufunga mizigo usiku wa kuamkia safari. Yeye aliifunga wiki tatu kabla, akaifungua, akaifunga tena, na alipokosa cha kufunga akaanza kunifundisha kutikisa kichwa. Nina miaka sitini na miwili, nimezaliwa Sevlievo, Bulgaria, na nimeolewa hapo hapo Sevlievo, leo nakalishwa mbele ya kioo cha kabati nifundishwe kusema ndiyo!

"Mama Vesela, nisikilize," ananiambia. "Sisi tukikubali tunatikisa kichwa kushoto na kulia. Tukikataa tunakiinua juu. Wenzetu huko nje ni kinyume kabisa. Ukienda na kichwa cha Sevlievo watakuweka ndani."

"Kwani nani ataniuliza nini?"

"Hutaulizwa, nitaulizwa mimi. Wewe hakikisha kichwa chako kimetulia."

Akatunga na sheria: tukishapita ukaguzi wa uwanja wa ndege wa Sofia, vichwa vyetu ni vya kigeni mpaka turudi. Alifanya mazoezi hata wakati wa kunyoa, mpaka akajikata shavu. Nikamcheka, akanuna siku nzima.

Mimi mawazo yangu yalikuwa kwingine. Binti yetu Vesela, na hatuna mwingine, alikuwa na mwaka wa tisa huko Porto, Ureno, ameolewa na kijana mpole anaitwa Duarte. Sasa Duarte kapata kazi New Zealand. Jumamosi saa nane na nusu mchana wanapanda ndege, wanahamia huko mwisho wa dunia. Sisi tulikuwa tufike Ijumaa mchana, tulale kwao, asubuhi nikae na mwanangu jikoni kwake, wawili tu, nimuulize kitu ambacho kwenye simu sijawahi kukiweza: utarudi nyumbani au hurudi?

Maana juu ya nyumba yetu kuna ghorofa. Gancho anamjengea Vesela ghorofa hiyo tangu alipomaliza shule. Kila mwaka anaongeza kitu, mwaka jana ngazi, mwaka huu vigae vya bafu, na kila akishuka kutoka huko juu, nywele zimejaa vumbi, ananiuliza, "Atapenda, eti?" Mimi nasema atapenda. Nimechoka kusema atapenda. Nilitaka jibu, na nilitaka nilipate mimi kwanza, ili nijue namna ya kumwambia mzee wa watu.

Basi, tukafika salama Ujerumani, mahali pa kubadilishia ndege. Gancho alitembea kwenye uwanja ule kama mwenye nao. Akiulizwa pasipoti, kichwa juu na chini: ndiyo. Akiulizwa kama ana kimiminika, kushoto na kulia: hapana. Kila mara ananigeukia, "Umeona?" Nimeona, baba, nimeona.

Tulipofika getini, watu walikuwa wameshaanza kupanga foleni. Nikakumbuka banitsa. Nilikuwa nimeoka sinia zima la banitsa, andazi letu la matabaka lenye jibini, kwa ajili ya mwanangu, na vipande viwili nimevitenga tule njiani. Gancho akasema ndege itatulisha. Nikamwambia ndege haijui kuoka. Tukasimama kwenye foleni tunatafuna haraka haraka, mashavu yamevimba, siagi mpaka kidevuni.

Hapo ndipo akaja yule binti mwenye nywele nyekundu, mfanyakazi wa ndege, nyuma yake mkubwa wake, bwana mmoja wa miwani, mkononi ana orodha. Akaziona pasipoti zetu. Uso ukamchanua!

"Wabulgaria!" akasema, tena kwa Kibulgaria, kibovu lakini Kibulgaria. "Mimi nimefanya kazi kwenu Varna, hotelini, miaka mitatu!"

Katika Ujerumani nzima, sijui ina watu milioni ngapi, tukaangukiwa na huyo mmoja aliyefanya kazi Varna. Akaanza kutueleza pole pole, kwa heshima zote. Ndege imeuzwa tiketi kupita viti. Wanatafuta watu wawili wa kubaki mpaka kesho, kwa hiari yao, watapewa hoteli na chakula. "Baba, mama, mnakubali kubaki?"

Gancho alielewa kila neno. Mdomo umejaa, hawezi kusema, lakini si alikuwa amejiandaa? Akakumbuka sheria yake, akatikisa kichwa cha kigeni kwa nguvu zote, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Hapana kabisa!

Sasa mwambie hivyo mtu aliyeishi Varna. "Wamekubali!" binti akamwambia mkubwa wake, macho yanamng'aa kwa furaha. "Hivi ndivyo wanavyosema ndiyo, mimi nawajua."

Bwana wa miwani hakuwa mjinga. Akaona vibaya kumsikiliza mume peke yake, akanigeukia mimi, akainua nyusi kuuliza. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeulizwa kwa lugha yangu. Mtu ukiulizwa kwa lugha yako, kichwa kinajijibia chenyewe. Nikakiinua juu kwa nguvu, kama nilivyokuwa nakiinua tangu utotoni mama akinipa maziwa ya mbuzi. Bwana yule hajawahi kufika Varna. Yeye aliona mama mmoja anaitikia kwa kichwa.

"Safi," akasema, akatuandika kwenye orodha.

Watu wakapiga makofi. Kuna mama mmoja alinishika bega, sijui alisema nini, nadhani alinibariki. Vijana wawili waliokuwa wamekaa chini na mabegi yao wakaruka juu, wakakimbia kuingia ndegeni. Mimi nameza banitsa, inagoma, Gancho ananipiga mgongoni, na sauti ilipotutoka hatimaye, mlango ulikuwa umefungwa.

"Ne! Ne! Ne!" Gancho anapiga kelele. "Tumesema ne, hapana!"

"Lakini mmetikisa kichwa, baba," binti akasema, rangi imemtoka.

"Nilitikisa cha kwenu!"

"Mimi nilisoma cha kwenu."

Masikini, akaanza kulia. Ikabidi nimbembeleze, mimi niliyepoteza siku ya mwanangu, nambembeleza mtoto wa watu na kumpa kipande cha banitsa. Alijaribu kila njia. Ndege nyingine ilikuwa kesho yake tu, inafika Porto saa sita na nusu mchana. Gancho alikaa kwenye kiti cha chuma akiangalia viatu vyake. Nilitaka sana kumlaumu, lakini nilimwangalia lile shavu alilojikata nikashindwa.

Hoteli ilikuwa nzuri, na sitaki kuizungumzia.

Vesela na Duarte walitusubiri pale pale uwanja wa Porto, mizigo yao imeshaingia. Tulipotoka ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi, na saa saba na nusu ilibidi waingie kwenye ukaguzi. Dakika arobaini. Nilimkumbatia mwanangu, nikamnusa nywele, nikasahau Kibulgaria chote.

"Umekula?" Ndicho nilichoweza kuuliza.

Akatikisa kichwa kushoto na kulia. "Nimekula, mama."

Na hizo dakika nazo zilikwenda wapi? Gancho alizichukua. Alisimulia mkasa wa getini, akaigiza yule binti wa Varna, akaigiza bwana wa miwani, akaniigiza mimi na mashavu yangu. Vesela anacheka mpaka anashika ukuta, anamtafsiria Duarte, Duarte naye anacheka, na mimi nikacheka, nitafanyaje? Kisha akatoa simu akaonyesha vigae vya bafu. Kimoja kimoja. Vesela akasema, "Vizuri, baba," akaniangalia mimi, akaangalia saa.

Tuliachana kwenye kamba za foleni. Nilimpa ile banitsa iliyobaki. Wakaenda, foleni ikawapeleka huku, ikawarudisha kule, na mimi nimesimama na swali langu lile lile. Alipofika mwisho kabisa, pasipoti ameing'ata kwa meno, anavua mkanda, nikaona basi, nisipouliza sasa siulizi tena.

"Vesela!" nikapaza sauti. "Utarudi nyumbani?"

Foleni nzima ikageuka. Yeye akaniangalia. Akatulia na ule mkanda mkononi, macho yakamjaa machozi, kisha akainua kichwa juu, mara moja, pole pole, nyusi zimepanda, akakishusha. Akanipungia mkono, akapita.

Gancho akanikamata mkono mpaka ukaniuma.

"Umeona? Umeona mwenyewe, mama Vesela? Ndiyo! Amesema ndiyo!" Analia na kucheka kwa pamoja, mzee mzima. "Miaka tisa huku, kichwa kimeshakuwa cha kwao. Isingekuwa wale Wajerumani ningekosea, ningedhani amekataa!"

Mimi nilimuuliza kwa Kibulgaria. Na mtoto yule nimemzaa mimi.

"Jumatatu naanza madirisha," akasema, anajifuta uso kwa mkono wa shati. "Unaonaje, niweke makubwa? Apate jua la asubuhi?"

"Weka makubwa," nikamwambia.